Jambo Hubaki, Chanzo Hupotea: Historia ya Ubongo na Usahaulifu, Kuanzia Fukwe za Ziwa Victoria

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa njiani kuingia Mwanza. Mamia ya abiria walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Igoma. Mabatini, kata ya wilaya ya Nyamagana ambayo nyumba zake zimepanda juu ya majabali jirani na mto Mirongo, mkasa huo bado husimuliwa. Anausimulia mzee aliyekwenda ziwani kutafuta ndugu yake. Anausimulia mama aliyeusikia redioni akiwa jikoni. Anausimulia pia kijana ambaye mwaka ule alikuwa bado akibebwa mgongoni, naye husimulia kwa uhakika uleule. Ukimuuliza kijana huyo picha aliyo nayo kichwani ameipata wapi, kama aliiona, aliambiwa na wazazi au aliiona gazetini miaka mingi baadaye, mara nyingi hana jibu. Si mwongo. Jambo amelihifadhi, alipolipata ndipo pamefutika.

Anayenunua dagaa sokoni Mabatini anajua wazi kwamba alichobeba ni dagaa, lakini hajui wamevuliwa kisiwa gani wala wameanikwa mwalo upi. Kumbukumbu ya binadamu iko hivyo. Kujua jambo ni kazi moja, kujua jambo hilo ulilipata kwa nani, wapi na lini ni kazi nyingine, na ubongo huzifanya kazi hizo kwa kushirikisha sehemu tofauti. Ile ya pili ni dhaifu zaidi, na uzee, kiharusi, pombe au jeraha likiingia, aghalabu ndiyo inayotangulia kuharibika.

Elimu ilichukua karne nyingi kulifahamu hilo. Safari yake ilipita Pergamo, Moscow, Geneva na Toronto, lakini ilipita pia kwenye maji ya ziwa letu na katika maabara moja ya Nairobi, na si kila ilipopita iliacha heri. Watu wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuijua historia hii, kwa sababu mahali petu kusahau chanzo cha habari kumegharimu roho za watu.

Vyumba vitatu vya wahenga

Tabibu Galen wa Pergamo, katika karne ya 2, aliamini kwamba akili ina makao ubongoni. Mwishoni mwa karne ya 4 Nemesius, askofu wa Emesa huko Syria, aligawa kazi za akili katika matundu ya ubongo yenye majimaji: hisia na taswira mbele, kufikiri katikati, kumbukumbu nyuma. Ibn Sina, aliyeishi kuanzia 980 hadi 1037, aliuendeleza mpango huo katika vitabu vyake vya tiba na falsafa. Mafundisho ya tiba ya Kiyunani na Kiarabu yalivuka bahari hadi pwani ya Waswahili, ambako waganga walitibu kwa kupima joto na baridi, ukavu na unyevu wa mwili.

Leo tunajua kwamba kumbukumbu haikai kwenye majimaji. Hata hivyo wahenga hao walipata jambo moja kubwa: kukumbuka si kitu kimoja kilichoenea kichwa kizima. Kuna sehemu na sehemu, na mtu anaweza kupoteza uwezo mmoja akabaki na mwingine.

Enzi hizohizo wanazuoni wa Hadithi za Mtume walikuwa wakijenga kinga dhidi ya udhaifu wa kumbukumbu. Kwao kauli haikukubaliwa kwa uzuri wake peke yake. Ilipaswa kuja na isnadi, yaani majina ya waliosimuliana mmoja baada ya mwingine hadi kumfikia aliyeshuhudia. Imam al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri nchi nyingi akichunguza wasimulizi hao: nani alikutana na nani, nani alikuwa mwaminifu, nani kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kuyumba uzeeni. Madrasa za Lamu, Unguja na Bagamoyo zilirithi nidhamu hiyo. Bila darubini wala maabara, watu hao walikwisha kutambua kwamba maneno huishi muda mrefu kuliko chanzo chake, na kwamba chanzo kisipolindwa kwa makusudi hupotea.

Malale yanapofika ziwani

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa akili na ubongo ulikuja kwenye fukwe za Ziwa Victoria kwa sura ya kutisha. Mwaka 1901 madaktari wa misheni ya Mengo, Uganda, walianza kupokea wagonjwa waliosinzia mchana, wakakesha usiku, wakabadilika tabia, wakaropoka, na mwishowe wakalala wasiamke. Yalikuwa malale. Inakadiriwa kwamba watu 250,000 walikufa katika Uganda ndani ya takriban miaka 20, wengi wao Busoga, Buganda na visiwani.

Huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka uliotangulia, alitua Mwanza akiwa na msafara wake. Hapa hakupata wagonjwa wa kutosha kwa uchunguzi wake, akavuka kwenda visiwa vya Sese na kuweka kambi huko. Aliwapa maelfu ya wagonjwa dawa ya atoksili yenye aseniki. Wengine walipata nafuu ya muda. Wengine walipofuka macho kwa sababu ya dawa hiyo. Baadaye serikali ya Uganda iliwahamisha watu kutoka Sese na kandokando ya ziwa, na upande wa Wajerumani zikajengwa kambi za kuwatenga wagonjwa.

Malale yaliwafundisha watu wa ziwa jambo ambalo wataalamu wa Ulaya nao walikuwa bado wanalitafuta. Mtu aliyeanza kusema maneno yasiyoeleweka, aliyewasahau jamaa zake na kuzurura usiku, hakuwa amerogwa wala hakuwa amelaaniwa. Kimelea kilikuwa kimeingia ubongoni na kuvuruga sehemu za ndani zinazotawala usingizi, kuwa macho na fikra. Somo hilo lilitolewa hapa, kwa gharama ya maisha ya wazee wetu, na halikustahili kusahaulika upesi namna ile.

Moscow, Geneva na Frankfurt

Miaka michache kabla ya malale, daktari Sergei Korsakoff wa Moscow alikuwa amewachunguza walevi waliopoteza kumbukumbu kwa namna ya ajabu. Kuanzia mwaka 1887 aliandika kuhusu wagonjwa waliozungumza vizuri, waliocheza michezo ya mezani na kukumbuka ujana wao, lakini wasiokumbuka kama daktari amewasalimia dakika tano zilizopita. Zaidi ya hayo walijaza mapengo kwa hadithi. Jambo la miaka 20 iliyopita walilisimulia kama la jana. Jambo walilolisikia walidai wamelitenda. Hawakukusudia kudanganya. Vipande vya kumbukumbu vilikuwepo, bali alama ya wakati na mahali ilikuwa imebanduka.

Mwaka 1881 Carl Wernicke alikuwa ameeleza hali ya dharura ambayo mara nyingi hutangulia ugonjwa huo: macho kuyumba, mwendo kupepesuka, akili kuchanganyikiwa. Baadaye ilifahamika kwamba chanzo ni ukosefu wa vitamini B1, iitwayo tayamini. Pombe huzuia mwili kuipata na kuitumia, na upungufu wake huua chembe katika thalamasi na vinundu vidogo vilivyo chini yake, sehemu zilizo katikati kabisa ya ubongo ambazo zimeunganishwa na maeneo ya kumbukumbu. Gongo inayonywewa bila chakula inaweza kuleta madhara hayohayo. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti, watu wengi walizungumzia ajali, ini na fedha zilizopotea. Kumbukumbu ya mnywaji haikutajwa sana, ilhali nayo ilikuwa hatarini.

Mwaka 1911 Édouard Claparède wa Geneva aliandika kuhusu mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa Korsakoff, ambaye kila siku alihitaji kutambulishwa upya kwa daktari wake. Claparède alificha pini kiganjani, akampa mkono, akamchoma. Muda mfupi baadaye mwanamke huyo hakukumbuka lolote, lakini daktari aliponyoosha mkono tena aliurudisha wake nyuma. Alipobanwa aeleze sababu, alisema kwamba watu wengine huficha pini mikononi. Funzo alikuwa nalo, tukio lililompa funzo hakuwa nalo.

Kati ya Korsakoff na Claparède kulikuwa na Alois Alzheimer. Tarehe 3 Novemba 1906, mjini Tübingen, alieleza habari za mwanamke aliyemtibu Frankfurt, ambaye alipoteza kumbukumbu kabla hajafika uzeeni. Baada ya kifo chake Alzheimer alipaka rangi vipande vya ubongo wake na kuona chini ya darubini madoa ya uchafu katikati ya chembe na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe. Uchunguzi wa Heiko na Eva Braak mwaka 1991 ulionyesha njia ambayo nyuzi hizo huenea: huanzia eneo dogo lililo jirani na hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huingia hipokampasi yenyewe, kisha husambaa kwenye gamba la ubongo. Ndiyo maana mzee mwenye ugonjwa huu huanza kwa kurudia swali lililojibiwa sasa hivi, huku harusi yake ya miaka 50 iliyopita bado akiisimulia kinaganaga.

Nairobi na elimu iliyopotoka

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya ubongo, na ni sehemu inayoumiza. Katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alihubiri kwamba Mwafrika amezaliwa na ubongo duni. Mwaka 1934 mwenzake F. W. Vint, wa maabara ya serikali Nairobi, alichapisha vipimo vya ubongo wa Waafrika waliofia hospitali, akidai kwamba ni mwepesi kuliko wa Wazungu na gamba lake ni jembamba. Katika hitimisho lake, maradhi, njaa na ufukara wa waliopimwa havikupewa uzito unaostahili.

J. C. Carothers, aliyeongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akimfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Upasuaji huo ulikuwa umempatia António Egas Moniz wa Ureno tuzo ya Nobel mwaka 1949, nao uliwaacha wagonjwa wengi wamezubaa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa maandiko yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa.

Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili Mnigeria wa Abeokuta, aliyapinga mawazo hayo kwa elimu na kwa kazi yake ya kuwatibu wagonjwa wakiwa kati ya jamaa zao. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, aliyashambulia mwaka 1961 katika kitabu chake cha mwisho. Elimu ya Nairobi ilianguka.

Lakini tazama jinsi ilivyokuwa na nguvu wakati wake. Vipimo vya Vint vilinukuliwa na Carothers, Carothers akanukuliwa na maofisa, na kila hatua ilipunguza habari kuhusu zile maiti za mwanzo: zilitoka wapi, waliokufa walikuwa wagonjwa wa nini, nani alichagua za kupima. Hitimisho lilisafiri likaacha chanzo chake nyuma. Msomi aliyevaa koti jeupe anaweza kushikwa na usahaulifu huu sawa na mlevi wa Moscow, na madhara yake yakawa makubwa zaidi.

Mtu aliyeishi katika sasa

Mwaka 1953, mwaka uleule wa kitabu cha Carothers, kijana wa Kimarekani Henry Molaison alilazwa mjini Hartford. Alikuwa na miaka 27 na kifafa kilichoshindikana kwa dawa. Daktari wa upasuaji William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Kumbukumbu mpya nazo zikakoma. Henry alikumbuka utoto wake, aliongea vizuri, akili yake ilikuwa timamu. Ila kila aliyetoka chumbani na kurudi alikuwa mgeni.

Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, alimchunguza kwa miaka mingi. Ripoti aliyoichapisha na Scoville mwaka 1957 ilithibitisha kwamba hipokampasi na maeneo yaliyo jirani nayo ni ya lazima ili tukio jipya lihifadhiwe. Kisha Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Kwa siku tatu Henry alizidi kuwa hodari, na kila siku aliamini hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mikono ilijifunza, mwenyewe asijue imejifunza lini.

Henry alifariki mwaka 2008, na ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 ili watafiti waendelee kujifunza. Mwaka 1971 John O'Keefe, akiwa London, alikuwa amegundua kwamba baadhi ya chembe katika hipokampasi ya panya huamka panya anapofika mahali fulani tu. Uvumbuzi huo ulimpatia Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Hipokampasi, basi, hulifunga tukio pamoja na mahali pake. Ikiharibika, fundo hilo halifungwi.

Chanzo kina makao yake

Mwaka 1984 huko Toronto, Daniel Schacter na wenzake waliwasimulia wagonjwa wa kumbukumbu habari za kubuni kuhusu watu mbalimbali. Baada ya muda waliwauliza. Baadhi walitoa jibu sahihi, lakini walipoulizwa wamelijulia wapi walisema wamebahatisha, au wamelisoma gazetini, au wamelisikia redioni. Mtu aliyewaambia alikuwa ameketi mbele yao. Mwaka 1987 Arthur Shimamura na Larry Squire wa San Diego walionyesha kwamba ukubwa wa usahaulifu huu wa chanzo hauendi sambamba na ukubwa wa kusahau habari yenyewe. Kama zingekuwa kazi moja, zingeharibika pamoja.

Mwaka 1989 wawili hao, wakiongozwa na Jeri Janowsky, waliwachunguza watu waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Watu hao walikumbuka habari mpya vizuri kama wazima. Walikosea pale walipotakiwa kusema waliipata wapi. Picha ikawa wazi: hipokampasi hulifunga tukio na mazingira yake, na sehemu ya mbele hutafuta, hupima na kuamua kwamba hili niliona, lile niliambiwa, hili niliota. Marcia Johnson na Carol Raye walikuwa wameeleza tangu 1981 kwamba akili lazima ifanye kazi ya kutenganisha kilichotokea na kilichofikiriwa tu. Kwa wazee kazi hiyo hupungua hata bila ugonjwa, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo ni miongoni mwa zinazodhoofika mapema kwa umri.

Nasi tulio wazima hatuko salama. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss wa chuo cha Yale waliwapa wanafunzi makala, nyingine zikitajwa kuwa za waandishi wa kuaminika, nyingine za waandishi wasioaminika. Mwanzoni wanafunzi waliyakataa zaidi maneno ya wasioaminika. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa imefifia: maneno ya wasioaminika yalikuwa yamepata wafuasi zaidi kuliko mwanzo. Jina la msemaji lilikuwa limejitenga na alichosema, maneno yakabaki yakidai haki ya kuaminiwa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inaeleza kwa usahihi jinsi akili inavyovutwa na neno linalorudiwarudiwa. Kuifanya sheria ya hukumu ni hatari.

Vikongwe wa Usukumani

Hatari hiyo tumeiona. Tangu miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na leo Geita na Simiyu, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza jinsi mauaji hayo yalivyochanganyika na misukosuko ya watu kuhamishiwa vijijini, na jinsi Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilivyoshindwa kuyazuia. Macho mekundu, ambayo kwa bibi aliyepika maisha yake yote kwa samadi na kuni yametokana na moshi, yaligeuzwa ushahidi.

Fikiria mzee ambaye ubongo wake umeanza kuzeeka kwa ugonjwa. Saa za usiku na mchana zimemchanganya, anatoka nje usiku wa manane akiitafuta nyumba ya mama yake aliyekufa zamani. Jirani anayemwona husema anawanga. Anaongea na watu wasiokuwepo. Akibanwa kwa maswali anaweza kukiri jambo ambalo hajalitenda, kwa sababu ndoto, masimulizi ya utotoni na matukio ya kweli vimekaa pamoja bila alama ya kuvitenganisha. Dalili zinazofanana na zile ambazo Korsakoff aliziandika Moscow, hapa zimemfikisha mtu kaburini.

Upande wa pili wa tuhuma nako kuna usahaulifu wa chanzo. Mtoto ameugua, mpiga ramli ametoa kauli isiyotaja jina, shangazi amelitaja jina, kwenye kilabu cha pombe limerudiwa. Mwezi mmoja baadaye kijiji kizima kinajua, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema alijulia wapi. Kila mmoja anaamini kwamba kuna mwingine aliyeona. Hapo mgonjwa mmoja amepoteza chanzo kwa ugonjwa, na watu 100 wazima wamekipoteza kwa uzembe, na anayeuawa ni mgonjwa. Bibi aliyekimbia kijiji Magu au Kwimba akaja kujificha kwa mjukuu wake mjini anakuja na hofu hiyo, na mjini pia uvumi una miguu, hasa sasa unapotembea kwenye simu.

Ubongo una mengi ya kuuharibu, na ya kuulinda

Katika Tanzania, uchunguzi mkubwa wa demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa akili, kwa wazee wa vijijini ulifanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ripoti yao ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba, baada ya kurekebisha kwa umri, kiasi cha 6.4 kwa kila wazee 100 walikuwa na demensia. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri, wakati wengi walikuwa wakiamini kwamba ugonjwa huu hautuhusu. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, watafiti walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hutaja majina ya wanyama, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Mhudumu wa zahanati anaweza kukitumia. Baadaye huko Hai vilianzishwa vikundi vya wazee wenye demensia wanaokutana kwa mazungumzo na shughuli za kuamsha akili, na hali ya walioshiriki ikawa bora.

Maradhi mengine ya ubongo tunaweza kuyazuia. Uchunguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alibaki na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. VVU, ambavyo nchini kwetu vilionekana kwanza Kagera mwaka 1983, huingia ubongoni pia na kuathiri njia za ndani zinazounganisha sehemu ya mbele, hasa kwa asiyetumia dawa. Chandarua na dawa za kufubaza virusi, kumbe, ni kinga ya kumbukumbu.

Kisha kuna shinikizo la damu. Linapokaa miaka bila kutibiwa huziba mishipa midogo ndani ya ubongo, na waya za chembe zinazokwenda sehemu ya mbele ni miongoni mwa za kwanza kuumia. Mgonjwa huyo anaweza asipooze mkono wala mguu; anaanza kwa kuchanganya nani alisema nini. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana kutoka pande nyingi za mji, hupokea wagonjwa wa kiharusi kutoka Kanda nzima ya Ziwa. Kupima shinikizo la damu kwenye zahanati ya mtaani, bila kusubiri mtu aanguke, ni njia ya bei nafuu kabisa ya kulinda akili ya mji huu.

Liko pia jukumu ambalo halihitaji daktari. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akiogopa kwamba maisha ya wazee wake yangesahaulika. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, muda mfupi kabla ya kifo chake. Mwaka 1961 Jan Vansina, aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, alieleza kanuni za kutumia masimulizi ya mdomo kama historia: andika msimulizi ni nani, alisimuliwa na nani, mwenyewe alikuwa wapi. Mabatini imejaa watu waliotoka Ukerewe, Sengerema, Geita, Musoma na Bukoba. Shule zetu zingewapa wanafunzi kazi ya kuwarekodi, na kila simulizi ikaandikiwa jina la msimulizi, mwaka, na kama aliona au alisikia, mji huu ungekuwa na historia inayoaminika ya MV Bukoba na ya mambo mengi yaliyotangulia.

Zaidi ya yote, elimu hii itufanye wapole na wakali kwa wakati mmoja. Tuwe wapole kwa mzee anayetuuliza swali lilelile mara ya tano, au anayeapa kwamba alisema na marehemu asubuhi: anahitaji kushikwa mkono na kupelekwa zahanati. Tuwe wakali kwa habari inayomtaja jirani kwa ubaya bila mwenyewe wa habari kujulikana. Nani kasema? Alikuwa wapi? Aliona au aliambiwa? Ubongo wa binadamu ni mwepesi mno kuyasahau majibu ya maswali hayo. Ndiyo sababu lazima mtaa, kanisa, msikiti, baraza la kata na mahakama viwe na mazoea ya kuyauliza kwa sauti, na kutomgusa mtu hadi yajibiwe. Kuuliza si ujinga, na katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa maneno yasiyo na mwenyewe, kuuliza ni wajibu wa kila mtu mzima mwenye akili timamu.